Mbegu ya Siku Sabini

Wangechi alitoka Kitale asubuhi akiendesha gari mwenyewe, na kila alipofika kwenye tuta alijikuta akimwomba Mungu. Mwanaikolojia mzima, miaka kumi na minane akichagua mbegu ya wimbi inayokomaa kwa siku sabini, leo roho yake yote imebaki kwenye debe moja la mbegu hiyo huko Tongaren. Mvua ya mwezi uliopita, ile isiyojua msimu, iling'oa paa la stoo yake na mbegu zikaozea magunini. Na kule Myanga, wakulima waliokosa mavuno misimu mitatu walikuwa wameshalima, wanamngoja yeye.

Debe hilo la akiba alimwachia Mama Nakhumicha, mkulima ambaye hata panya walimwogopa. "Litunze kama lako," alimwambia.

Kufika bomani, akakuta turubai, viti vya kukodi na kaburi bichi. Mzee Wekoye, mume wa Nakhumicha, alikuwa amezikwa Jumamosi. Wangechi alitoa pole, akaketi, akanywa chai. Nani huuliza habari za mbegu matangani? Lakini aliuliza.

"Ile wimbi?" Nakhumicha akamshika mkono hadi nyuma ya jikoni. "Kuja uone, Daktari."

Punje zilikuwa zimeanikwa juani juu ya magunia, zimechipua na kukauka, tayari kusagwa kuwa kimea cha busaa, pombe ya matanga. Wangechi akapiga magoti. Alichambua kwa kucha, konzi baada ya konzi, akitafuta hata punje moja iliyolala bila kuota. Mbegu ikishaota ikakauka, imekufa. Hilo halihitaji digrii.

"Yote, Mama? Hukubakisha?"

"Ningebakisha aje? Wazee wanakuja wiki ijayo kukaa na sisi. Mwenye boma hawezi enda hivi hivi bila busaa. Harafu si wewe ulisema niweke kama yangu?"

Alisema, kweli. Hasira ilimjaa Wangechi na hakuwa na wa kumpa, kwani mjane wa juzi utamlaumu vipi? Akawafikiria watu wa Myanga na mashamba yao yaliyolimwa, akalia palepale kwenye vumbi.

Nakhumicha akainama, akamfuta machozi kwa ncha ya leso yake.

"Usilie, Daktari. Hii mbegu yako ni kali. Nimelowesha wimbi miaka hamsini na sijaona kama hii. Imeota yote, hakuna hata moja imekataa."