Vishikizo vya Bembea ya Eilev

Eilev alipotundika bembea kwenye banda lake la mashua, juu ya maji ya ghuba, alidharau chuma. Alichukua aluminiamu ngumu kuliko zote kiwandani kwetu, ile ya mabawa ya ndege, akachonga vishikizo viwili vya kuining'iniza na kukaza bolti zake mpaka zikalia.

Mimi kazi yangu maabarani ni kubana vipande vya aluminiamu, kuvichovya kwenye maji ya chumvi na kungoja vipasuke. Nikamwambia, "Eilev, hiyo ngumu haivumilii kubanwa na kulishwa chumvi kwa pamoja. Chukua ile iliyookwa zaidi tanuruni. Nguvu inapungua kidogo, lakini inadumu."

"Mama Chumvi, wewe hata kijiko unakishuku!"

Ili kunifunga mdomo akamwita shemeji yake, Magnar, kilo mia na thelathini. Magnar akabembea, akala maandazi manne ya iliki. Bembea kimya.

"Haya, sema sasa!" Eilev akanicheka.

Hiyo ilikuwa Mei. Kiangazi chote upepo ulirusha chumvi, na vishikizo viling'aa bila doa.

Agosti akaja Mchungaji Solvår, mwanamke mwembamba kama ufito, kuzungumzia ubatizo wa mjukuu wa Eilev. Akakalishwa kwenye bembea kwa heshima zote. Nilikuwepo. Ameinua kikombe tu, tukasikia tak! Bembea ikalala upande, mchungaji akateleza na sahani yake mpaka majini.

Oddbjørg, mkewe Eilev, akamnyooshea kasia. "Eilev! Umemzamisha mtumishi wa Mungu!"

"Lakini Magnar alikaa!" Eilev akalalama. "Magnar mzima!"

"Si uzito," nikamwambia. "Bolti zako zilikuwa zinakivuta kishikizo usiku na mchana, chumvi nayo ikipenya. Ufa umekua miezi mitatu, wewe unasifia mng'ao."

Jumatatu akaniletea kishikizo kilichovunjika, bila hata salamu. Kwenye hadubini nyufa zilikuwa zimetambaa ndani kama mizizi. Akatazama sana.

"Na kile kingine?"

"Hakiko mbali na kuvunjika. Umekitoa?"

"Magnar amefunga kamba upande ule uliokatika. Sasa hivi anapata kifungua kinywa pale."

Akaidaka simu. Oddbjørg alipopokea, alikuwa anahema.

"Nipigie baadaye," akasema. "Tunamvuta Magnar kutoka majini aingie mashuani. Haenei."