Vipimo Viwili, Samaki Wawili

Suzan aliponipigia simu asubuhi ile akilia, nilijua kuna msiba. Nilifunga mlango, nikapanda bodaboda kutoka Mbuba mpaka Kabanga, nikisali njia nzima. Kufika, namkuta amesimama mapokezi, mzima, nguo zimepigwa pasi, hakuna hata turubai nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, bibi. Ni samaki. Na wenyewe bado."

Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka nikaomba maji ya kunywa. Halafu nikamwangalia usoni, nikaacha kucheka.

Suzan ni mtoto wa binti yangu. Anatunza nyumba ya wageni ya Mama Justina, karibu na kituo cha mabasi. Pale mapokezi kuna tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi kama ya baharini. Ndani yake kuna mawe yenye matumbawe yanayotikisika kama vidole, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe. Kaka yake Mama Justina alikuwa fundi wa matangi hayo Dar es Salaam, na alipostaafu akamletea dada yake zawadi. Watu wanaovuka kutoka Burundi huingia kunywa chai ili tu wawatazame. Sasa Mama Justina alikuwa Mwanza kwa binti yake aliyejifungua, akamwachia Suzan kila kitu, pamoja na agizo la kupima maji kila siku.

"Wanajificha nyuma ya jiwe," Suzan akaniambia. "Wanahema haraka haraka. Nimepima. Vipimo vinabishana."

Vipimo vyenyewe vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa ndani ya sanduku zuri la bluu lenye chupa za matone, kama la daktari. Unatia maji kwenye kichupa, unaongeza matone, unasubiri rangi. Cha pili kilikuwa mkebe mdogo wa vijiti vya karatasi, ungedhani ni wa peremende. Vyote viwili vinatafuta amonia, ile inayochoma pua chooni, inayotokana na mavi ya samaki na chakula kilichooza. Njano maana yake salama. Kijani maana yake hatari, na kijani kikizidi, kaburi.

Sanduku lilisema njano. Mkebe ulisema kijani.

"Si ubadilishe maji tu?" nikauliza.

"Bibi, chumvi ya bahari imebaki ya kubadilisha mara moja tu. Nyingine inatoka Dar, wiki mbili. Nikiimaliza leo bure, halafu sumu ije kweli keshokutwa, nimekwisha. Nisipoitumia, na mkebe ukawa unasema kweli, mpaka jioni sina samaki."

Wiston alikuwa pale, yule kijana anayebadilisha fedha mlangoni. Kila siku hunywa chai yake karibu na tangi, na siku hiyo alikuwa amempa Suzan leso yake, nikaliona hilo.

"Lakini sanduku, bibi!" akasema. "Tazama chupa zile. Kitu kama kile kinaweza kudanganya?"

Deodata mpishi akatokeza kichwa jikoni. "Wewe Wiston, noti bandia unazijuaje?"

"Zinakuwa safi mno," akajibu, kisha akaligeukia lile sanduku.

Mimi sijui mambo ya amonia. Lakini najua kushindanisha pombe ya ndizi. Kule kwetu, wapishi wakibishana nani pombe yake safi, hatuonji kwa majina, maana kila mtu atamsifia shemeji yake. Mtu mmoja anamimina kwa siri, anaweka punje ya maharage ya rangi tofauti chini ya kila kikombe, na anayeonja hajui anachoonja. Tena huwa tunaweka pombe ileile kwenye vikombe viwili. Mwonjaji akisema kimoja kitamu na kingine kibaya, tunamwambia aende nyumbani akalale.

"Basi tuvionje hivi vipimo," nikasema. "Tuvipe maji ambayo sisi tunayajua na vyenyewe havijui."

Suzan akafuta macho. "Maji safi yapo ya chupa. Ila maji yenye amonia tutayatoa wapi?"

Tukatazamana. Deodata akaanza kucheka kabla ya kusema.

"Shibuda!"

Shibuda ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Biharamulo, na ndiye analeta maziwa pale. Ana dumu la mkojo wa ng'ombe aliouvundika wiki tatu kwa ajili ya kunyunyizia kabichi zake. Suzan akampigia, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Nikuletee maziwa?" akauliza Shibuda.

"Hapana, baba. Mkojo."

Tukasikia, "Ninyi Wahangaza wa Ngara mna mambo. Lita ngapi?"

Alikuja mwenyewe na baiskeli, dumu limefungwa nyuma, kofia imekaa upande. Alipolifungua, Wiston alitoka nje mbio akiziba pua, na mgeni wa chumba namba nne akafungua mlango, akanusa, akaufunga tena. Shibuda alikataa malipo. Alisema hajawahi kuombwa mkojo kwa adabu namna ile.

Deodata alijifungia jikoni na bomba la sindano jipya na jagi la lita moja. Alitoka na vikombe vitano kwenye sinia, punje za maharage chini yake, uso umekaza kama mwalimu wa zamu. Viwili vilikuwa maji safi matupu. Kimoja kilikuwa na tone moja la dumu kwenye lita nzima, kingine matone manne. Cha tano kilikuwa maji ya tangi. Mpangilio aliujua yeye peke yake.

Tulipeleka meza uani, maana rangi husomwa kwenye mwanga wa mchana. Hilo nilisisitiza mimi, kwa kuwa nimechagua maharage maisha yangu yote na najua taa inavyodanganya.

Suzan akapima. Nikamshikia kadi ya kulinganishia rangi.

Mkebe ulisema: njano, kijani chepesi, njano, kijani kizito, kijani cha kati.

Sanduku lilisema: njano, njano, njano, njano, njano.

"Funua," nikamwambia Deodata.

Akainua vikombe kimoja kimoja. Njano mbili za mkebe zilikuwa maji safi, zote mbili. Kijani chepesi kilikuwa tone moja. Kijani kizito kilikuwa matone manne, na kijani cha kati kilikuwa maji ya tangi.

"Na sanduku?" Wiston akauliza kwa sauti ndogo.

Shibuda alichukua kichupa cha sanduku, akakijaza mkojo mtupu kutoka kwenye dumu, akampa Suzan. Suzan akatia matone. Tukasubiri dakika tano, vichwa sita, maana mgeni wa namba nne alikuwa ameshatoka na kujiunga nasi akiwa na taulo begani.

Njano. Njano ya ubwabwa wa harusi uliotiwa binzari.

Sijui nani alianza. Deodata alikaa chini kabisa. Shibuda alipiga kelele, "Sanduku hili lingemsifia hata fisi kwamba amekula majani!" Mimi nilishika ubavu. Suzan alikuwa anacheka na kulia, na ghafla akasimama.

"Basi kijani cha tangi ni kweli!"

Tukakimbia wote. Suzan alimwaga chumvi yote ya mwisho kwenye pipa la maji aliyokuwa ameyatayarisha, Shibuda akakoroga kwa mwiko mkubwa wa ugali, mgeni akashika pampu. Maji yalikuwa baridi, na Suzan akasema samaki hawa wa joto wataumia. Deodata akapita kwa akina mama wanaouza chai kituoni. Walikuja wanne na chupa zao za chai zenye maji ya moto, asubuhi ya biashara, wala hawakuuliza nani atawarudishia. Niliyapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto, na Suzan akahakiki kwa kipimajoto. Kiwiko kilikosea digrii moja tu.

Suzan alipokuwa akinyonya maji ya zamani kwa mpira, mpira ukaziba. Akauchomoa. Kwenye ncha yake kulikuwa na dagaa. Akainua jiwe la nyuma. Dagaa tena, rundo zima, weupe, wameoza.

Wote tukamtazama Wiston.

"Walikuwa wanapewa vichembe vile vidogo tu," akasema. "Kama vumbi. Nikawaonea huruma. Kila asubuhi nilikuwa nawapa dagaa kidogo kwenye chai yangu. Yaani, si ndani ya chai, ni wakati nakunywa chai."

"Kwa muda gani?" Suzan akauliza.

"Tangu Mama Justina aondoke."

Nilidhani Suzan atampiga na mpira ule. Badala yake alimkabidhi ndoo. "Toa wote. Kwa mkono. Mmoja mmoja."

Akatoa, mkono ndani ya tangi mpaka begani, akiwaomba samaki radhi kwa Kihangaza.

Saa kumi jioni Suzan alichovya kijiti kingine. Tulikuwa tumebanana kiasi kwamba sikuona kitu, nikamwambia asome kwa sauti.

"Njano, bibi. Na kivuli kidogo tu cha kijani."

Yule samaki mkubwa akatokeza kichwa nyuma ya jiwe, akatutazama, akatoka. Mwenzake akamfuata, akazunguka tangi zima.

Tulipiga vigelegele mpaka abiria wa basi la Ngara wakashuka kuja kuuliza anaolewa nani.