Hodi ya Tatu

Chuo chetu cha ualimu kilisomesha wasichana, hapa mjini, na mie nikifundisha hapo. Walimu wenzangu walisoma mchana, wakiwa wasichana. Mie nilisoma jioni, kwa mwanga wa taa, nshaolewa, mtoto mapajani. Kwa hiyo Bi Shemsa, mkubwa wa walimu, aliniita "mwalimu wa kandili". Wengine walicheka, maana yeye ndiye aliyewagaia madarasa.

Chumba cha walimu kilifungwa mlango, kwani ndani watu walikuwa wamevua mabuibui. Na adabu tunaijua: ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Bi Shemsa akawakataza wenzangu kunijibu. Daftari la mahudhurio lilikuwa mle ndani. Mara mbili nilikuwa nshaandikwa sikuja. Ya tatu, kazi basi. Ndivyo alivyosema mkuu wa chuo.

Jumatatu ile nilimwacha mwanangu Usi kwa mama, nikafika mapema.

"Hodi!"

Nilisikia vikombe tu.

"Hodi jamani, ni mie."

"Mnasikia kitu?" Bi Shemsa aliuliza. "Mie nasikia paka."

Wakacheka. Hodi ya tatu nikaizuia mdomoni. Nikiitoa isijibiwe, nnarudi nyumbani kumwambia mume wangu kwamba yale masomo yote ya jioni yameishia mlangoni. Kuingia bila kukaribishwa siwezi, sikulelewa hivyo. Nikamkumbuka Bi Mwatima, anayekaa karibu na dirisha, mpole, hanicheki sana.

"Bi Mwatima!"

"Naam!"

Ilimtoka kabla hajafikiri. Nani aitwe jina lake asiitike?

"Hodi, Bi Mwatima."

Nikangoja. Kisha nikasikia kiti kikisogea, na mlango ukafunguka.

"Karibu, mwenzangu. Pita."

"Nani kakwambia ufungue?" Bi Shemsa alifoka.

"Kaniita mie, Bi Shemsa. Nshamwitikia, sasa nimwache nje kama muuza samaki?"

Wakacheka, na safari hii hawakunicheka mie. Hata Bi Mize, aliyekuwa hanisalimu, aliziba mdomo kwa mtandio.

Nikatia saini. Jina likapanda juu ya mstari, lakini limo. Bi Shemsa alinigeuzia mgongo, na siku nyingi baadaye aliendelea kunigeuzia. Nilimzoea.

Bi Mwatima akanisogezea kikombe cha chai.

"Kunywa upesi," alisema. "Wasichana wako wanakungoja."