Kamba ya Donatus

Mwaka 1953, karibu na Geita, Herman, dresa wa kufunga vidonda zahanati, alimtembelea Donatus kila Jumatatu. Donatus alirukwa na akili baada ya kufukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu. Mara mbili alitoroka usiku kwenda kuwafukua wenzake waliokwisha kufa. Mama yake, Klara, akaanza kumfunga mguu wa kushoto kwenye gogo, na kamba ikamchubua.

"Shikamoo, daktari wa kamba," alisema Donatus.

"Marahaba. Kidonda kinanuka."

"Dawa ya kichwa haijaja?" aliuliza Klara.

"Haipo, Mama Donatus. Hata huko Shinyanga hawana."

"Nikimfungua atarudi shimoni."

Herman alijua ni kweli. Alisafisha kidonda, akafunga bendeji, kisha akamsaidia Klara kuihamishia kamba mguu wa kulia.