Mikono Iliyoruhusiwa

Sabuni ndiyo iliyoitoa pete. Niliisugulia kwenye sinki la wodi, mkuu wa wauguzi amesimama kando akitazama ukuta kwa adabu, na ilipochomoka daktari wa maabara aliipokea kwa kibano akaitia kichupani. Hakunilaumu. Watu wa kazi ile hawalaumu, huandika.

Ilikuwa Brussels, Februari 1997. Watoto njiti watano wa wodi yetu walikuwa wamepata bakteria sugu, wale ambao dawa tulizozizoea haziwasumbui kitu. Mmoja alikuwa Donat, mtoto wa Régine, mwanamke wa Likasi, kwetu Kongo, aliyekuwa akilea watoto wa watu mtaa wa Uccle. Donat alizaliwa wiki ya ishirini na saba, uzito wake kama pakiti ya sukari.

Kanuni zilitutaka tuvue saa, bangili na pete za vito. Pete ya ndoa isiyo na nakshi ilisamehewa, ingawa wenzangu wengi waliivua. Mimi, ng'o. Mume wangu Éliézer alikuwa Bukavu vita vilipoingia mwezi wa Oktoba, na tangu hapo simu yake haikupokelewa. Kwetu mwanamke huvuliwa pete na wazee wa familia akishafiwa. Kuivua mwenyewe, hata kwa dakika mbili za kunawa, niliona ni kumzika mtu ambaye hakuna aliyeniambia amekufa. (Alikuwa hai. Alipiga simu mwezi wa Mei kutoka Kigoma, akaniuliza habari za baridi.) Basi nilinawa mara arobaini kwa siku, pete kidoleni, nikajiona msafi kuliko wote.

Ugonjwa ulipozidi, wakuu waliamua kwamba wazazi wasiingize tena mikono kwenye couveuse, kile kisanduku cha joto wanamolala njiti. Kazi ya kumwambia Régine nilipewa mimi, kwa kuwa tulisikilizana lugha.

"Maman Régine, kwa sasa utamuona tu ku kioo. Mikono inaleta microbe."

Alivitazama viganja vyake. "Hii yangu?"

"Ya kila muntu. Bon, ya wazazi kwanza."

"Na weye?"

"Miye ninanawa."

Siku nane alisimama nyuma ya kioo na koti lake mkononi. Mimi nilimbadilisha Donat nepi, nikamgeuza, nikampangusa macho. Siku ya nane watu wa maabara walikuja na visahani vyao vya rojo ya kuoteshea vijidudu, kila muuguzi akabonyeza vidole humo. Siku ya tisa, asubuhi, Donat alifariki kabla mama yake hajafika kutoka Uccle. Majibu yalitoka kesho yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa kidoleni. Bakteria walioota kwenye kisahani changu ni wale wale waliokutwa katika damu ya mtoto, na siku hiyo hiyo nikaitwa kwenye sinki.

Hospitali iliwaandikia wazazi barua kuhusu maambukizi yaliyoenea wodini. Jina la mtu halikuwemo. Niliambiwa ninyamaze, au labda niliambiwa tu kwamba si lazima niseme. Miaka imepita, sitofautishi tena.

Matanga yalikuwa kwa shangazi yake Régine, karibu na Porte de Namur. Nilikwenda nimekusudia kusema. Ndani ya metro niliitunga sentensi yenyewe kwa Kifaransa, kisha nikaitafsiri, nikaikariri hadi mlangoni. Régine alikuwa ameketi kwenye godoro, wanawake wamemzunguka. Aliponiona alinikamata mikono yote miwili.

"Mulinikataza kumugusa," akasema. "Nilikasirika, sitakuficha. Lakini kila siku nilikuwa naona mikono yako mule ndani. Nikasema, bon, ata hivi, ni ya mama wa kwetu. Asante kwa kumushika kwa fasi yangu."

Wanawake wakaitikia amina. Nilitaka kusema, hilo naweza kuliapia.

"Ni kazi yetu, maman," nikamwambia.