Bibi wa Nafaka

Kama kuna mtu aliyeapa kutokanyaga shamba maishani mwake, ni Bi Mize. Mombasa alikulia ghorofani. Silver Spring, huku Marekani, anaishi ghorofani vilevile, na kilimo chake chote ni mrehani kwenye kopo la maziwa dirishani. Nani angemwambia atakuja kula kiapo cha wakulima? Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bi Mize alikuwa anataka ukumbi.

Maryam, bintiye wa pekee, alikuwa anaolewa. Akdi haikuwa na shida, msikiti upo. Shida ilikuwa usiku wa kupamba, ule wa wanawake watupu, mashoga wavue mabuibui wacheze mpaka wachoke. Bi Mize mwenyewe aliolewa ugenini, haraka haraka, bila ngoma wala udi, na donge lile lilikuwa bado limemkaa kooni. Mwanawe hatakosa! Lakini kila hoteli aliyokwenda kuulizia, wahudumu ni wanaume, wanaingia na masinia bila hodi.

Ndipo akauona ukumbi wa mbao kule nje ya mji wa Bowie, umejitenga, madirisha juu, mlango mmoja. Mwanamume achungulie wapi? Wenyewe ni chama cha wakulima, kilichoanza zamani, zama za makampuni ya reli na madalali wa ngano, wakulima waliponyonywa hadi wakaamua kuungana. Sasa walibaki vikongwe watatu: wanawake wawili na mkubwa wao, Mzee Clyde, ambaye shamba lake lilishageuka majumba ya watu.

"Hatukodishi," Mzee Clyde alimwambia. "Ukumbi ni wa wanachama."

"Na humo ndani mwafanya nini?"

"Siri ya chama."

Lo! Watu watatu, na siri wanayo! Bi Mize akajiunga. Tena hakuja peke yake, alileta mashoga zake magari kwa magari, hata Genoveva wa Bukoba, ambaye ndiye pekee kati yao aliyewahi kushika jembe. Wakala kiapo, wakafundishwa namna ya kubisha mlango, wakapewa neno la siri, wakagawiwa vyeo. Cha Bi Mize kilikuwa mungu wa kike wa nafaka, yule wa hekaya za Warumi wa kale.

"Astaghfirullah! Mimi niitwe mungu?"

Mzee Clyde alikuna kichwa, akakubali aitwe Bibi wa Nafaka, akamkabidhi shada la ngano la plastiki. Usicheke. Hebu lishike wewe mbele za watu.

Wiki ya harusi, Bi Mize aliomba ukumbi kikaoni. Mzee Clyde akauliza ni sherehe ya aina gani, akaelezwa, akashusha miwani.

"Haiwezekani. Kanuni ya kwanza ya ukumbi huu: mwanachama hatazuiwa kuingia kwa kuwa ni mwanamke au mwanamume. Na mwanamume mwanachama nipo. Ni mimi."

Waalikwa wameshaambiwa, mpambaji yuko njiani! Kisha Bi Mize akatazama ukumbi ulivyojaa watu wake, akakumbuka kuwa wengi wape.

"Basi tuifute kanuni. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda kama ya watoto walioulizwa nani anataka peremende. Mzee Clyde hakugombana.

"Kanuni hiyo ni ya nyanya yake babu yangu," alisema. "Chama chao cha mwanzo hakikutaka wanawake. Mumewe akiwa ndani anapitisha maazimio ya haki za wanyonge, yeye alimngoja nje kwenye gari la farasi, kwenye theluji, na mtoto mapajani. Walipojenga ukumbi huu aliapa hatangoja nje tena mtu yeyote. Futeni. Ila mjue mnayemfutia."

Bi Mize aliona haya. Alikuwa anautaka ukumbi ule mpaka kifua kinamuuma, na mikono bado iko juu inamngoja yeye.

"Shusheni," alisema.

"Mama!" Maryam, aliyejiunga pamoja na mashoga, aliruka kwa Kiingereza chake. "Na usiku wangu je?"

Mama aliketi na ngano yake ya plastiki, machozi yanamlengalenga. Mzee Clyde alikohoa.

"Kanuni inasema sitazuiwa," alisema. "Haisemi lazima niingie."

Usiku wa kupamba udi ulifuka mpaka darini. Wale vikongwe wawili walifungwa leso, wakakata viuno kuliko mashoga. Maryam alipoingia na dhahabu zake, Bi Mize alilia waziwazi kwa furaha, na donge la kooni likashuka.

Alipotoka kupunga hewa, aliiona pikapu ya Mzee Clyde mbele ya mlango. Yumo ndani yake, kajikunyata kwenye koti, mikono katikati ya magoti.

"Mzee Clyde! Uko hapa tangu magharibi?"

"Nalinda mlango. Nduguze bwana harusi wamekuja mara mbili, nimewarudisha."

Bi Mize alirudi ndani mbio, akamletea sahani ya biriani, nyama ya juu. Mzee alipokea kwa mikono iliyokufa ganzi. Mle ndani vigelegele vilipasuka, akainua shingo.

"Haya, niambie," alisema. "Humo ndani mnafanya nini?"

Bi Mize alijifunga buibui lake vizuri.

"Siri ya chama," alisema, akaingia, akakomea mlango.