Mtoto Aliye Kaunti ya Pili

Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti, Wendell Ragsdale hukaanga kambare uani kwake, kando ya bwawa, huko Tennessee, na Clell Standifer huja na mkongojo wake kumla huyo kambare na kumlaumu aliyemkaanga. Wote wawili ni wanaakiolojia wastaafu. Chini ya maji yale ndiko walikochimba ujanani, miaka ile ya mdororo wa uchumi, serikali ilipowalipa wakulima waliofilisika washike sepetu kabla bonde halijafunikwa na maji ya bwawa.

"Mimi ndiye niliyekichimba kile kilima cha makaburi ya kale," alisema Ragsdale, kama kawaida yake.

"Wewe? Ulivaa kofia tu, ukanyoosha kidole. Waliochimba walikuwa na malengelenge."

"Na kazi yako wewe ilikuwa kuyachora malengelenge yao."

"Wazee wangu, samaki anaungua," alisema Lurlene, mke wa Ragsdale.

Jua lilipozama, yule mama wa kale waliyemfukua akatoka bwawani, kama kila mwaka. Lurlene akampa taulo na kiti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa kifuani, maana ndivyo walivyoikuta mifupa yake kilimani, imempakata mtoto mchanga. Hajawahi kutamka neno, na hata angetamka, hakuna aliyebaki anayeijua lugha yake. Hufika, hutazama usoni mwa kila mmoja, kisha huutazama mkono wake.

Kisa chake wote wanakijua. Kazi ile ilikuwa ya kulisha watu kwanza, elimu baadaye. Ndiyo maana hata trekta lilikatazwa, ili mikono iwe mingi. Mvua ikinyesha, wanawake walioajiriwa walikaa ndani kuosha mifupa. Januari moja kaunti ya pili ilikuwa na chumba cha kuoshea lakini haikuwa na mifupa, na bila mifupa wanawake wa kule wangerudi kwao mikono mitupu. Ragsdale akagawa kazi: mifupa ya watu wazima ibaki hapa, ya watoto ipelekwe kule. Wanawake wakala. Halafu vita vikaja, kazi ikafungwa haraka, na masanduku ya kila kaunti yakachukuliwa na chuo kilichokuwa jirani nayo, mama huku, mtoto kule. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ubaya ulifanyika hata hivyo, na umekaa pale pale tangu wakati huo, hausumbuliwi na mtu.

"Daktari hanipi matumaini ya kuiona Agosti nyingine," alisema Standifer. "Jumatatu tumpeleke huyu mama akamchukue mwanawe."

"Tumeshawaandikia wale wa chuo mara ngapi, bwana?"

"Tumeandika. Hatujampeleka."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Lurlene. "Mpelekeni. Nitatandika plastiki kwenye kiti cha gari."

Jumatatu mtunza ghala wa chuo cha kaunti ya pili, Bwana Pruitt, mtu mpole mwenye tai fupi, aliwapokea vizuri. Alimtazama mama yule, akaitazama sakafu iliyolowa, akaenda kuleta tambara.

"Huyu ndiye mama yake," alisema Standifer. "Tumekuja kumchukua mtoto."

"Naona, mzee wangu. Wanafanana kwenye taya." Pruitt alipiga deki taratibu. "Tatizo ni kwamba mtoto ni mali ya chuo hiki."

"Na mama yuko hapa mbele yako!"

"Mama ni mali ya chuo kile kingine. Mali haiwezi kudai mali, mzee. Mwenyewe ndiye anayedai."

"Basi mwenyewe akidai?"

"Wenzetu wa chuo kile wanasema hawadai mpaka sisi tutoe kwanza. Na sisi hatutoi mpaka wadai." Aliona haya, na haya ile ilikuwa ya kweli. "Lakini kumtazama hakuna anayemkataza. Tunafunga saa kumi na moja."

Akaleta sanduku. Mama akalipokea, na likaenea barabara katika mkono ule. Akakaa nalo mchana kutwa. Wazee wakasinzia kwenye benchi, kwa kuwa walikuwa wamechoka, na si kwa siku ile tu. Saa ya kufunga ilipofika, Pruitt akalitoa sanduku mkononi mwake kwa uangalifu mkubwa, akalirudisha kwenye rafu.

Wakarudi kwa gari hadi bwawa likaonekana.

"Mwakani tutajaribu tena," alisema Ragsdale.

"Mwakani mimi ni marehemu."

"Basi utakuwa na muda wa kutosha."

Standifer alicheka mpaka akakohoa. Mama akashuka, akaingia majini.

Standifer alifariki Februari. Walimzika kwenye makaburi ya kanisa, ubavuni mwa mama yake mzazi, kama alivyoomba, na hakuna aliyeuliza yeye ni mali ya nani. Yule mama alikuja mazikoni. Alisimama nyuma ya watu, nguo zikimchuruzika, akatazama kwa makini jinsi jambo hilo linavyofanyika.